Mazungumzo ya Jamaa: Mstari wa Mbele na Mstari wa Nyuma

Siku ya Jumamosi, saa tisa ya mchana, pitieni nyuma ya kanisa letu la parokia. Mtasikia ngoma. Si ngoma ya harusi wala ya matanga. Ni ngoma ndogo, yenye mapigo ya polepole, ambayo husimama mara kwa mara na kuanza tena. Mkichungulia dirishani mwa ukumbi mtaona watoto thelathini au arobaini wamepangwa kwa mistari, wadogo mbele, wakubwa nyuma, miguu mitupu juu ya sementi iliyofagiliwa. Mbele yao yupo mama mmoja au mwalimu mmoja, anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Hao ndio watoto wachezaji wa Misa.

Juma lililopita baba mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza: «Mwalimu, mwanangu anakawia kwenu kila Jumamosi. Mnamfundisha nini? Kutikisa mabega anajua tangu tumboni mwa mama yake. Mimi ningependa akae nyumbani ashike kitabu cha hesabu.» Nilicheka, nikamjibu maneno machache, kwa maana jua lilikuwa kali. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani. Ni swali la haki, na baba yule si peke yake mwenye kuliuliza. Basi leo nitamjibu taratibu, nanyi nyote msikilize, wazazi na watoto. Tena mwishoni nitawaambia kosa langu mwenyewe, lililonifundisha kuliko vitabu.

Mchezo huu umetoka wapi?

Wako Wakristo wanaofikiri kwamba kucheza mbele ya altare ni jambo jipya lililobuniwa na vijana. Sivyo. Katika kitabu cha Kutoka tunasoma habari ya Miriamu, dada yake Haruni: Waisraeli walipokwisha kuvuka bahari, alitwaa ngoma mkononi, na wanawake wote wakamfuata wakicheza. Mfalme Daudi naye alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Agano. Mkewe Mikali alimchungulia dirishani akamdharau moyoni. Na aliyekosea ni yeye, si Daudi.

Hapa kwetu Katanga tunajua habari ya Kamina. Huko, mwaka 1958, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na watoto wa shule na walimu wao, waliimba Missa Luba, Misa iliyochukua sauti na ngoma za Waluba. Mwaka ule ule walikwenda kuimba Ulaya. Lakini maneno ya Misa ile yalibaki Kilatini, maana zamani zile Kanisa letu lilikuwa bado linasali Misa kwa Kilatini. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturjia, ukaruhusu mila njema za mataifa ziingie katika ibada. Maaskofu wetu, na mbele yao Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa, walifanya kazi miaka mingi. Na tarehe 30 Aprili 1988 Roma ikathibitisha kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Tangu hapo, wakati wa Utukufu, padri na watumishi huizunguka altare wakicheza, na waamini hucheza mahali pao. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa utaratibu huo ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, pamoja na Wakongo wakaao huko; tena tarehe 1 Februari 2023 alikuja mwenyewe Kinshasa, akaiadhimisha katika uwanja wa ndege wa Ndolo.

Sitaji miaka hiyo kwa kuonyesha elimu. Nataka mjue kwamba mchezo huu ulingojewa muda mrefu, ukachunguzwa na wenye hekima, ukakubaliwa kwa sababu ni sala. Basi ukumbi wa mazoezi ni ndugu wa sakristia. Anayeingia humo ajue anakoingia.

Adabu ya mtoto

Ninyi wanafunzi, sikilizeni kwanza.

Fika kabla ya ngoma, usifike pamoja nayo. Mchezaji mmoja akikosekana, mstari una pengo. Na wale wanaogeuka kwa kumtazama yeye, wote hupotea. Kuchelewa kwako si mali yako peke yako.

Njoo msafi. Oga, vaa nguo isiyobana na yenye heshima. Vua viatu mlangoni, uvipange kwa jozi, usivitupe kama mtu anayekimbia nyuki. Shanga, pete na saa ya mkono vibaki nyumbani: humkwaruza jirani, na vikipotea huleta ugomvi na kusingiziana. Usiwe na kitu kinywani, maana kinywa chako kina kazi ya kuimba.

Uingiapo, amkia. Mwamkie kwanza mama anayekaa mlangoni, kisha mwalimu, kisha wenzako. Utokapo, aga. Nimewaona watoto wanaotoka ukumbini kama mbuzi waliofunguliwa zizi, haifai.

Katika mstari, acha nafasi ya mkono mmoja kati yako na mwenzako. Usisukume. Tazama mbele, si miguuni pa jirani. Na ukipotea hatua, usisimame, wala usilie. Kanyaga papo hapo ulipo, sikiliza ngoma mpaka lile pigo la kwanza lirudi, kisha ingia tena pamoja na wengine. Nawajua watu wazima ambao hawakujifunza neno hili: wakikosea mara moja katika kazi au katika ndoa, huketi chini kabisa, na ngoma inaendelea bila wao.

Usimcheke aliyekosea. Hili ndilo neno zito kuliko yote. Katika mashindano ya shule yuko anayeshinda na yuko anayeshindwa. Mbele ya altare hakuna mshindi. Mtoto anayecheza vizuri huku akimdhihaki mwenzake ni kama ngoma iliyopasuka: inapigwa kwa nguvu, lakini sauti yake inawachukiza watu.

Mwisho, jifunze kutulia. Wakati wa Utukufu mikono juu, hatua pana, uso wa furaha. Lakini wakati wa mageuzo ngoma hunyamaza, na mchezaji hunyamaza nayo, miguu na mikono na macho. Kutulia ni sehemu ya mchezo. Na kwa mtoto wa miaka saba ndiyo sehemu ngumu kupita zote.

Baba uliyeniuliza njiani, umesikia? Mwanao anahesabu mpaka nne na kurudi moja, mara mia, bila kuchoka. Anangoja zamu yake. Anajifunza kwamba yeye si peke yake duniani. Hiyo nayo ni hesabu, na wakubwa wengi hatujaipata sawasawa.

Adabu ya wazazi

Sasa nanyi wazazi, mnivumilie.

Wazee walisema: ngoma ya watoto haikeshi. Mazoezi yetu hukoma saa kumi na moja, ili kila mtoto awe kwao kabla ya giza. Lakini ikiwa mtoto ameachiwa saa kumi na moja na mzazi anakuja saa moja ya usiku, kazi yetu ni bure. Msichana wa miaka minane asirudi peke yake njiani. Asiyeweza kuja mwenyewe amtume mtu tunayemjua, na atuambie mapema.

Mkija kutazama, ketini ndani kwa utulivu. Msisimame dirishani mkipiga kelele: «Inua mkono! Sogea mbele!» Hapo mtoto ana walimu wawili, na mwenye walimu wawili kwa hatua moja huanguka.

Msije kuomba mstari wa mbele. Mama mmoja aliniletea kuku, akisema binti yake anastahili kuonekana. Kuku yule alikuwa mnene, nakiri, na watoto wangu walimtazama kwa mapendo, lakini nilimrudisha. Wafupi husimama mbele kwa sababu ni wafupi, na warefu nyuma kwa sababu ni warefu. Mstari wa nyuma si adhabu. Walio nyuma huona mistari yote, na wakikosea wao, kikundi chote huyumba pasipo mtu kujua sababu.

Kuna methali isemayo: mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli, na katika harusi si vibaya kumbandika mchezaji noti pajini. Lakini wengine wameanza kufanya hivyo katika Misa, mtoto anapopita na maandamano. Wapenzi, acheni. Mtoto aliyetunzwa mara moja namna ile huanza kutazama mikono ya watu badala ya altare. Na mwenzake asiyetunzwa anarudi nyumbani akijiuliza amekosa nini. Mkitaka kutoa, kikapu cha sadaka kipo.

Na simu zetu! Siku za sikukuu watu huacha mahali pao, hujaa katika njia ya maandamano, kila mmoja amenyosha mkono ili ampige mwanawe picha. Jumapili moja watoto hawakuwa na pa kupita. Wakasimama, na ngoma ikawaacha. Tena picha ile, ambayo ndani yake wamo watoto wa watu wengine, inatumwa mahali pote bila kumwuliza mzazi ye yote. Picha zipigwe nje, Misa ikiisha, kwa ruhusa ya wenye watoto. Ndani ya kanisa mtazameni mwanenu kwa macho. Macho nayo hukumbuka.

Mkiona masomo ya mtoto yanashuka, njoni tuseme. Masomo hutangulia, na tutapunguza mazoezi. Lakini msimwadhibu mtoto kwa kumzuia siku ya mwisho kabla ya sikukuu. Hapo mnawaadhibu wenzake wote.

Adabu ya mwalimu

Nisingekuwa mtu wa haki kama ningeishia hapo. Mwalimu naye ana sheria, na wazazi wanayo haki ya kuzijua na kuuliza kama zinafuatwa.

Mlango wa ukumbi na madirisha vikae wazi muda wote wa mazoezi. Mama mmoja aliyechaguliwa na parokia awepo tangu mwanzo hata mwisho. Mwalimu asibaki peke yake na mtoto mmoja, asimwite nyumbani kwake, asimwandikie maneno ya siri kwa simu. Anapofundisha hatua, aonyeshe kwa mwili wake mwenyewe, si kwa kuushika mwili wa mtoto. Watoto wavae nguo za sikukuu mahali pa faragha, wasichana pamoja na mama, wavulana mbali nao. Fimbo haina kazi katika ukumbi wa sala. Na mtoto akisema kwamba mtu mzima fulani amemtendea vibaya, asikilizwe mara moja, hata kama mtu huyo ana cheo na anaheshimiwa. Mtu asinyamaze kwa kuogopa aibu ya parokia. Aibu iliyo kubwa ni kunyamaza.

Sheria hizo nazishika. Lakini ipo moja ambayo sikuijua, na mtoto wa miaka tisa aliilipia.

Ilikuwa sikukuu ya somo wa parokia, miaka michache iliyopita. Tulikuwa tumechagua kitenge kimoja kwa wachezaji wote, cha buluu chenye maua meupe, na kila jamaa ilitakiwa kukinunua. Jumamosi nilitangaza mbele ya watoto wote: «Asiye na kitenge hatacheza.» Nilidhani ninalinda uzuri wa sikukuu. Neno lilikuwa fupi, likanitoka kwa urahisi.

Jumapili asubuhi msichana mmoja alikuja mlangoni pa sakristia, amevaa sare ya shule, shati jeupe na sketi ya buluu, zimefuliwa na kupigwa pasi mpaka mikunjo ilisimama. Alikuwa mchezaji bora wa mstari wa mbele. Wadogo walimtazama yeye kuliko walivyonitazama mimi. Hakusema neno. Nilitazama nguo yake, nikamwonyesha benchi kwa kidole. Akaenda, akaketi karibu na nkambo yake, mama mzaa mama, ambaye ndiye anayemlea. Utukufu ulipoanza nikamwona. Mwili wake ulitulia kama wa mtu mzima, lakini chini ya benchi miguu yake ilikuwa ikicheza, hatua zote, bila kukosa hata moja.

Jumamosi tatu zikapita, hakuja. Nikaenda kwao. Nkambo alinikaribisha, akanipa kiti, yeye akaketi mkekani akichambua maharagi. Nikauliza kama mtoto ni mgonjwa.

«Hapana, Mwalimu. Ni mzima.» Akachambua kidogo, kisha akasema bila hasira: «Siku ile tuliporudi aliniuliza: Nkambo, kumbe Mungu naye anaangalia kitenge? Sikuwa na jibu. Nikamwambia, ngoja, Mwalimu akija tutamwuliza. Sasa umekuja. Mtoto yuko nyuma ya nyumba.»

Wapenzi wasomaji, nilisoma seminarini, nikafanya mitihani mbele ya mapadri wenye elimu nyingi. Sikupata kuulizwa swali zito namna ile.

Nilizunguka nyumba. Alikuwa anaosha sahani. Nikamwambia: «Mungu haangalii kitenge. Mimi ndiye niliyeangalia. Nimekosa, unisamehe.» Hakujibu. Aliendelea kuosha. Wala sikumlazimisha, maana msamaha hautolewi kwa amri ya mwalimu.

Jumamosi iliyofuata niliyasema maneno yale yale mbele ya kikundi chote, kwa kuwa kosa lililofanywa mbele ya watu hutengenezwa mbele ya watu. Kisha tukabadili desturi. Siku hizi vitenge ni mali ya kikundi. Kila jamaa hutoa kadiri iwezavyo, wala majina hayasomwi. Vitenge hukaa sandukuni katika ukumbi, na mama wa watoto hupeana zamu ya kuvifua. Asubuhi ya sikukuu kila mtoto huazima kimoja, na baada ya Misa hukirudisha kimekunjwa. Ukiutazama mstari wetu, huwezi kujua nani alilipa na nani hakulipa. Namna hii ni rahisi, na parokia yo yote inaweza kuifanya.

Msichana yule alirudi baada ya Pasaka. Akasimama mstari wa nyuma. Nilimwonyesha mahali pake pa zamani, akatikisa kichwa. Angali anacheza nyuma, kwa uzuri ule ule, na kila Jumamosi ananiamkia kwa heshima. Lakini hanitazami machoni kama alivyokuwa akinitazama. Neno nililolisema kwa pumzi moja nalilipa polepole, wala sidhani nimekwisha kulilipa.

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia, wazazi na walimu wenzangu. Tunawafundisha watoto kupanga viatu, kuamkia, kungoja zamu, kutomcheka mwenye kukosea. Ni vema. Lakini wao nao wanatutazama sisi, na kwa namna tunavyowapokea mlangoni wanajifunza Mungu ni wa namna gani. Adabu ya ukumbi huanza kwa wakubwa.

Na wewe baba wa njiani, sikukusahau. Jumamosi mlete mwanao saa tisa, na kitabu cha hesabu akitie katika mfuko wake. Mazoezi yakiisha, wakati anapokungoja, tutafanya hesabu pamoja mlangoni, mbele ya mama wa zamu. Ila usichelewe kuja kumchukua.

Mungu awabariki katika nyumba zenu. Tuonane juma lijalo, akipenda.